Binti Aliyeongezewa Miaka

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mjini Hopkins tu wazima. Babu yako bado anabishana na televisheni. Unauliza ufanyeje ukiogopa kusema mbele za watu.

Miaka ya 2010 nilikuwa karani mpya katika bunge la jimbo, mjini Saint Paul. Kamati ilijadili mswada wa kuzuia watoto kuhukumiwa kama watu wazima. Mama mmoja Mkongomani alikuja kumsemea binti yake aliyeshtakiwa kama mtu mzima, lakini theluji ilimkwamisha mkalimani. Sisi makarani tulikatazwa kusema kikaoni.

"Kule kambi ya wakimbizi walituandika wote tumezaliwa Januari moja," mama huyo alininong'oneza, "binti yangu wakamwongezea miaka mitatu. Dada, utawaambia ao utaniangalia tu?"

Nikasimama, nikatafsiri. Mwenyekiti akaniamuru niketi.

"Mheshimiwa, mama hajamaliza," nikasema bila kuketi, nikaendelea na woga wangu hadi neno lake la mwisho.

Bibi yako