Binti wa Kapteni Dresko

Kanduyi, Bungoma
4 Juni 2005

Kwako dada Wahu,

Pokea salamu zangu na za mama, na uzifikishe hadi kitandani kwa Mzee Kibe kabla hujasoma zaidi. Sisi ni wazima. Mama anasumbuliwa na magoti lakini mdomo wake haujambo. Je, Mzee ameanza kuinua ule mkono uliopooza? Ningepiga simu, ila najua huko Kachibora mpaka upande juu ya tangi la maji ndipo mtandao ushike.

Wahu, wametuharibia Halkona.

Ile picha ya nne imefika. Miaka kumi na tatu tumengoja. Tonny wa duka la DVD aliniwekea nakala ya kwanza, nikakusanya kikundi chetu chote Jumamosi, watu kumi na tisa, wengine wametoka mpaka Naitiri. Hawa wengi hawajawahi kuona zile tatu za kwanza. Ni mimi niliyewasimulia, vilevile Mzee babako alivyotusimulia mle ndani ya kibanda chake cha mabati, amezima sauti ya televisheni, amesimama kando na fimbo, anatuambia nani anasema nini. Niliwaambia jinsi Kapteni Dresko alivyomfukuza binti yake kwa maneno makali, kisha akajuta, akapanda meli yake Halkona akaanza kumtafuta, nyota moja baada ya nyingine.

Sasa hawa wa siku hizi wamefanya nini? Kapteni anampata. Nilisimama kwenye benchi, machozi yapo tayari. Anampata, anamfunga pingu, anampeleka kortini, na yeye anavishwa nishani. Hakuna hata mahali anamwita mwanangu. Picha ni safi, meli zinang'aa, kila dakika kitu kinalipuka, lakini ni kama mtu amekuchinjia kuku akakuletea manyoya.

Wewe unajua baba yangu alipotuacha ni nini kilinishikilia. Nilikuwa na miaka kumi, na kila Jumamosi nilikuwa naona mzazi anayetafuta. Watu wazima hawaelewi mtu akisema picha ilimlea, lakini mimi ilinilea.

Hatunyamazi. Tumeandika barua kwa kampuni huko Amerika, tutaituma kwa barua pepe. Tumeibandika kwenye ubao wa Tonny watu watie sahihi, na mpaka leo wamefika thelathini na wanane. Nakutumia nakala. Nimeacha nafasi juu kabisa kwa ajili ya Mzee, kwa sababu yeye ndiye aliyetupa hiyo hadithi.

Dada yako,
Nanyama


Kachibora
19 Juni 2005

Dada Nanyama,

Barua yako ilinikuta nikipalilia mahindi. Nimefurahi kusikia mko salama, na mwambie mama apake magoti yale mafuta ya mkaratusi. Sisi tunaendelea na neema ya Mungu. Baba hajainua mkono, lakini maneno yameanza kurudi, moja moja, kama mtu anayeokota njugu gizani. Jana aliita "chai" na ikawa sherehe.

Nilimsomea barua yenu yote. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale mnapoandika kwamba hakuna baba wa kweli anayeweza kuuza binti yake kwa nishani, alifungua macho akanionyesha kidole gumba. Nikaleta wino. Ndiyo hiyo alama unayoiona juu ya nakala ninayokurudishia, imepotoka kidogo kwa sababu alitumia mkono wa kushoto.

Lakini Nanyama, ningekuomba usiitume kwanza. Ngoja mpaka tuonane. Kuna jambo kuhusu zile picha ambalo si la kuandika harakaharaka, na kuna ng'ombe anayengoja kukamuliwa.

Baba anataka hiyo ya nne ionyeshwe hapa kwetu kwenye mabati. Nimemwambia nitaitafuta.

Ni mimi dada yako,
Wahu


Kanduyi
30 Julai 2005

Wahu,

Sina salamu leo.

Sikungoja. Ningengojaje, na alama ya kidole cha Mzee iko hapo juu? Nilituma. Wiki tatu hivi wakajibu. Kwa sababu nilikuwa na furaha ya kijinga, sikuisoma kwanza. Niliichapisha kwa saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, nikampa Walubengo aisomee kikundi, yeye ni karani wa wakili na Kiingereza chake kimenyooka.

Wanatushukuru kwa mapenzi yetu. Wanasema katika picha zote nne yule mwanamke ni mwizi aliyeiba ramani, na Dresko ni askari wa Dola anayemwinda. Hakuna binti. Hakujawahi kuwa na binti. Wanafikiri labda tuliangalia picha nyingine.

"Ati picha nyingine," Walubengo akasema. "Nanyama, si utuambie bana, wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilicheka nao, nikidhani kampuni ndiyo imepotoka. Tonny akaagiza ile ya kwanza kutoka Nairobi, tukaiangalia Jumamosi iliyofuata na sauti yake. Neno kwa neno. Hiyo siku hakuna aliyecheka, waliniangalia kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Watu arobaini na watatu waliweka majina yao kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Mimi nina miaka ishirini na sita. Nimeishi kumi na sita kati ya hiyo nikishikilia uongo wa babako.

Nakuuliza kitu kimoja tu. Ulijua?

Nanyama


Kachibora
3 Agosti 2005

Nanyama,

Huna salamu, basi nami sitakulazimisha kuzipokea.

Nilijua. Nilijua tangu kidato cha kwanza, niliposoma maandishi ya Kiingereza nyuma ya kasha la kanda. Nilimwendea baba, akaniambia ninyamaze, watu wanapenda. Nyinyi mlikuwa mmeshahamia Bungoma, na kila barua yako ilikuwa na Kapteni ndani yake. Kila mara nilisema nitakuambia barua ijayo. Nimekuwa mwoga kwa miaka kumi na miwili. Na ile alama ya kidole, ningeweza kuikataa, sikuikataa. Nisamehe kama unaweza.

Lakini ukijua hiyo, ujue na hii. Kwetu tulikuwa wasichana wawili. Kuna Beth, dada yangu mkubwa. Wewe ulikuja darasa letu baada ya yeye kuondoka. Mwaka wa themanini na nane alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alitupa sanduku la Beth nje mbele ya majirani, akamwambia asikanyage hapa mpaka siku atakapokuja kumzika yeye baba. Kufika Krismasi alikuwa anamtafuta. Alienda Kitale, Eldoret, Turbo, Webuye, mpaka Malaba. Hakumpata. Toka siku hiyo jina la Beth halitajwi nyumbani, ndiyo maana hukuwahi kulisikia, na ndiyo maana sikuweza kukuambia ule uongo bila kukuambia na huu ukweli.

Mwaka uliofuata ndipo aliuza ng'ombe wawili akanunua televisheni na jenereta. Kiingereza cha baba kinaishia kwa "good morning". Aliangalia zile picha peke yake kwanza, akaona mwanamume mwenye mvi anamfuata msichana katikati ya giza, hachoki, harudi nyuma. Akaelewa vile alivyoelewa. Mimi siwezi kuapa kwamba alidanganya. Nafikiri ndivyo alivyoona.

Bado anataka tuonyeshe ya nne. Anauliza kila asubuhi. Hawezi kusimulia, na mimi sijui kusimulia. Wewe peke yako ndiye unayeijua hadithi yake yote. Njoo umsimulie.

Wahu


Kachibora
10 Septemba 2005

Nanyama,

Sijapata jibu. Wiki tano si chache. Tumepanga Jumamosi tarehe 24, saa nane mchana. Nimepata nakala kwa Bramwel anayeuza betri sokoni. Baba ameomba anyolewe.

Kama huji, sitakulaumu.

Wahu


Kanduyi
18 Septemba 2005

Wahu,

Naandika kwa hasira, ujue hivyo. Siji. Nikimwona Mzee sijui kama nitamkumbatia au nitamfokea, na mtu wa kiharusi hafokewi.

Lakini nimeiangalia tena ile ya nne, mara tatu, na nimezima sauti. Ukizima sauti, Wahu, mambo yanabadilika. Pale anapomfunga pingu, mikono yake inatetemeka. Nikachukua kalamu.

Kurasa sita ziko ndani ya bahasha. Nimepanga kila mahali useme nini. Zile si pingu, ni bangili ya mamake aliyomwekea. Kortini ni kwa sababu Kapteni ameenda kukiri makosa yake mbele ya watu. Nishani ni ya mzazi aliyerudisha mtoto nyumbani. Nimefanya ampate, nimefanya wakumbatiane. Ni hivyo ndivyo ingeisha kama wangekuwa na akili, na ni hivyo ndivyo yeye mwenyewe angeimalizia.

Soma polepole. Usikimbilie mwisho kama unavyosomaga kanisani.

Nanyama


Kachibora
26 Septemba 2005

Dada yangu Nanyama,

Nakusalimu leo utake usitake. Kaa chini ndipo usome.

Walijaa. Wengine ni wale wale tuliokaa nao chini kwenye magunia, sasa wamekuja na watoto wao. Agneta, yule aliyekuwa akilia kabla ya kila mtu, alimletea baba maziwa ya mala. Tulimweka mbele kwenye kiti, shuka magotini. Nikazima sauti, nikasimama kando, nikasoma kurasa zako.

Nilisoma vizuri, dada. Nilimwona baba akiitikia kwa kichwa polepole kila mahali, kama mtu anayesikia wimbo wa nyumbani. Tukafika pale anapompata. Nikasema: "Kapteni akamwambia, mwanangu, nimekutafuta kila nyota, sasa nimekupata, twende nyumbani."

Baba akainua mkono. Ule wa kulia, Nanyama, ambao haujainuka tangu Februari.

Akasema, "Hapana."

Nilifikiri nimeruka ukurasa. Nikarudia. Akasema tena hapana, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, akajigeuza kwa shida akawaangalia watu.

"Sikumpata," akasema. "Nilitafuta. Sikumpata. Beth."

Miaka kumi na saba sijasikia jina hilo kinywani mwake. Watoto hawakuelewa. Wazee walielewa wote, kwa sababu waliliona lile sanduku likirushwa. Picha ikaendelea yenyewe pale mbele, wanamvisha nishani, hakuna aliyekuwa akiiangalia. Agneta akaja akapiga magoti akamshika miguu. Mimi nilikuwa nimesimama na kurasa zako mkononi, na nililia mpaka nikaona haya.

Usiku huo hakulala na hakutaka nilale. Alinitaka niandike. Neno moja, anapumzika, neno lingine. Tulimaliza asubuhi. Hii hapa, nimeinakili kwa herufi kubwa:

BETH. MIMI NI KIBE WA KACHIBORA, BABA YAKO. NILIKUFUKUZA. NILIKOSEA. NILIKUTAFUTA SIKUKUPATA. SIDAI URUDI. NIKO PALEPALE.

Nilitaka kuongeza kwamba anaumwa. Alikataa. Alisema, "Asihurumie."

Anaomba uibandike kwenye ule ubao wenu, pale ilipokuwa ile ya malalamiko. Najua unaona haya mbele ya wale watu. Naomba hata hivyo.

Dada yako anayekushukuru,
Wahu


Kanduyi
5 Novemba 2005

Kwako dada Wahu,

Salamu zako nilizipokea zote na hizi zangu ni za kulipa deni. Mama anawaombea kwa jina, wewe na Mzee, kila jioni. Magoti bado.

Niliibandika siku ileile ilipofika. Nilidhani watanicheka. Walubengo aliisoma akiwa amesimama, akaisoma mara ya pili, akavua kofia. Akaniuliza, "Sasa huyu ndiye yule Kapteni?" Nikamwambia ndiye. Kesho yake alikuja na nakala hamsini alizopiga ofisini kwao. Wale arobaini na watatu wamezigawana, kila mtu akienda kwao anabeba moja. Ziko Webuye, ziko Chwele, ziko Mumias sokoni.

Ile hasira yangu sijui iliishia wapi. Namkasirikia Mzee asubuhi, jioni namwonea uchungu, na katikati nafanya kazi yangu. Nimeacha kumngojea baba yangu. Nilikuwa namngojea, sikuwahi kukuambia hivyo.

Sasa nisikilize. Juzi Alhamisi nilikuwa kwa Tonny nikirudisha DVD. Kulikuwa na mwanamke mbele ya ubao, amebeba kapu la dagaa wa omena. Kama wa miaka thelathini na minne hivi. Alikuwa anasoma, anamaliza, anaanza tena, nami nikaona hajaja kukodi picha. Nikasogea. Wahu, ana mwanya kama wako, na anasimama mkono kiunoni kama wewe.

Akaniuliza bila kugeuka, "Huyu mzee yuko hai?"

Nikasema yuko.

"Anaongea?"

Nikasema kidogo, alipatwa na kiharusi, lakini anaongea. Nilitaka kumwambia mambo elfu. Nilitaka kumwambia Malaba, Turbo, Jumamosi zote zile, kwamba sisi watoto wa Kachibora tulikua tukimtafuta yeye bila kumjua.

Akapandisha kapu lake begani.

"Mwambie imesomwa," akasema, akatoka akashika njia ya uwanjani.

Sikumfuata. Nimejilaumu siku mbili, lakini nafikiri ningemfuata angeona ni kuwindwa. Barua bado iko ubaoni na nitaiacha hapo.

Mwambie Mzee. Mwambie asubuhi akiwa na nguvu, amekaa. Mpe neno hilo moja kama lilivyotoka kinywani mwa yule mwanamke, imesomwa, na tafadhali, dada, usimwongezee lingine.

Dada yako,
Nanyama