Sahihi Yangu Kwenye Sensa Namba Tatu

Kakuma, Alhamisi, Februari 2013

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi ndani ya shuka. Nimerudi kutoka kazini saa mbili usiku na tangu hapo sijafungua mdomo. Hakuna wa kumfungulia.

Nianze na kosa langu.

Kazi yangu ni kukagua sensa nne, yaani vifaa vinavyonusa mvuke wa petroli, kwenye ghala la mafuta hapa. Kila mwezi napulizia kila sensa gesi ya kupimia kutoka kwenye mtungi mdogo, naangalia kama namba inapanda inavyotakiwa, halafu natia sahihi kitabuni. Mwezi uliopita mtungi uliniishia nikiwa kwenye sensa ya pili. Mwingine ulikuwa Lodwar, na sikutaka kungoja. Nikabonyeza kitufe cha majaribio, kengele ikalia, nikatia sahihi zote nne.

Kitufe kile kinajaribu kengele tu. Sensa inaweza kuwa imekufa na kengele ikalia vizuri kabisa.

Nilijua hivyo nilipokuwa naandika.

Mtungi mpya umefika jana. Leo nimeipulizia namba tatu, ikabaki sifuri. Nikafungua kifuniko, nikakuta chujio limezibwa na vumbi hadi limekuwa gumu. Nikaweka sensa mpya. Kabla sijaipulizia chochote, namba ikaanza kupanda yenyewe, kengele ikalia.

Kiungo cha bomba kilikuwa kinavuja. Petroli ilikuwa inazama mchangani, kuelekea kwenye ua. Ng'ambo ya ua, hatua chache tu, kuna kibanda cha mama mmoja wa Sudan Kusini anayetuuzia chai. Jiko lake la makaa lilikuwa linawaka.

Nilikimbia.

"Mama, funika jiko na mchanga. Sasa hivi."

Hakuuliza kwa nini. Alifunika, tukaondoka pamoja hadi barabarani. Huko ndiko alikosema, "Hii harufu mimi nasikia wiki mbili sasa. Nilifikiri nyinyi watu ya mafuta mnajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe unakunywa chai, unaangalia simu, unaenda. Nitakuambia saa ngapi?"

Nimeandika humu mara ngapi kwamba Kakuma hakuna mtu wa kuongea naye? Miezi saba nimekunywa chai ya huyu mama, na jina lake nimelijua leo. Anaitwa Achol.

Valvu imefungwa na bomba litabadilishwa. Nimempigia bosi wangu Lodwar, nikamweleza yote, pamoja na ile sahihi. Akauliza:

"Nani mwingine anajua?"

"Nimeandika kitabuni."

"Basi njoo Jumatatu na hicho kitabu."

Anaweza kunifuta kazi. Sitamlaumu.

Jambo linaloniuma ni lingine. Jioni nilimsaidia Achol kuhamishia kibanda chake upande wa pili wa barabara. Tulipomaliza alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Mungu anibariki kwa kuwa nimemwokoa. Nami nikaitikia amina.

Hajui kwamba ni mimi niliyeandika kuwa sensa ile ni nzima. Kesho nitaenda kumwambia, kabla hajanimiminia chai.