Mkuu Amesoma

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Daktari hakuzungusha maneno. Moyo umechoka. Maji yanayojaa miguuni yatapanda. Nikamuuliza muda. Akasema, Mzee Mashimba, hayo ni ya Mungu. Nikaelewa. Daktari mwenye habari njema hamtaji Mungu.

Paskazia, binti yangu, alilia kidogo ndani ya bajaji. Kisha akajifuta uso na kuanza kugombana na dereva kuhusu mashimo ya barabara. Ni mama yake mtupu.

Padre atakuja Jumapili ijayo. Lakini dhambi yangu ni ya ofisini, na padre ataielewa nusu. Nusu nyingine naiweka hapa.

Jumanne, 5 Agosti

Nianze na kesi yenyewe.

Nilikuwa wakili wa serikali zaidi ya miaka thelathini. Mwishoni niliongoza timu ya kesi ya Kigongo. Katibu wa chama kimoja cha ushirika wa pamba aliokotwa majini karibu na kivuko, mikono imefungwa. Nchi nzima iliizungumza. Polisi wakamkamata Jairo Otuoma, fundi wa injini za boti, kwa sababu boti yenye damu ilikutwa kwenye karakana yake. Nikasimama mbele ya kamera nikasema: mtu tunaye, ushahidi tunao. Jioni nilijiangalia kwenye taarifa ya habari. Nilijipenda.

Jairo bado yuko mahabusu mpaka leo. Kesi ya mauaji haina dhamana.

Mimi nilistaafu mwaka jana, lakini bado nimo kwenye kundi la WhatsApp la timu. Hakuna aliyenitoa. Nani angethubutu kubonyeza jina la mzee na kumtupa nje? Asubuhi hii nimekaa kibarazani nikarudisha ujumbe nyuma, nyuma, mpaka Machi ya mwaka juzi. Bado upo. Wa Hellen, aliyekuwa mdogo kuliko wote kwenye timu na ndiye niliyempenda zaidi:

"Mkuu shikamoo. Mpelelezi wetu Ngosha amerudi kutoka Rorya, mkoani Mara. Usiku wa mauaji Jairo alikuwa huko, kwenye msiba wa baba yake mdogo. Alichimba kaburi, asubuhi akabeba jeneza. Mchungaji amethibitisha, na simu yake inaonyesha alikuwa huko. Boti ililetwa karakana yeye hayupo. Si yeye. Naomba mwongozo. Tuiondoe kesi?"

Chini yake hakuna jibu. Siku iliyofuata niliandika: "Hongereni kwa maandalizi ya send-off ya Selina. Tujitokeze kwa wingi." Selina alikuwa katibu muhtasi wetu, anakaribia kuolewa. Wakafuata wote na makofi na maua.

Nimechoka. Kesho.

Jumatano, 6 Agosti

Asiyewahi kufanya kazi kwetu hawezi kuelewa, kwa hiyo naandika kama ninamweleza mgeni.

Kwetu mdogo haamui. Anaomba mwongozo, mkubwa anaandika "Sawa, endelea." Mkubwa asipotaka, haandiki hapana. Hapana iliyoandikwa ina mwenyewe. Anasoma, anaacha. Alama mbili zinageuka bluu, na ofisini wanaambiana: Mkuu amesoma. Maana yake jambo limekwisha, lisirudishwe. Utaratibu huo niliukuta enzi za karatasi. Jalada lilikuwa linalala mezani kwa mkubwa hadi watu wanasahau. Mimi nikauingiza kwenye simu. Niliwafundisha vijana kwa mdomo wangu, nikiuita busara.

Basi Mkuu alisoma. Na kila baada ya wiki mbili kesi ikitajwa, Hellen alisimama na kusema upelelezi haujakamilika. Ulikuwa umekamilika. Ulikamilika na kutuumbua.

Alhamisi, 7 Agosti

Usingizi haba. Kifua kinapiga mluzi kama birika.

Jambo moja lazima niliandike sawasawa, maana nimejikuta nalipindisha hata kichwani. Hakuna mkubwa aliyenipigia simu. Hakuna aliyenitisha wala kuniahidi chochote. Ningependa sana awepo. Watu wangeniamini mara moja, wangetikisa kichwa na kusema, mzee wa watu alibanwa. Sikubanwa. Nilikuwa nimesema kwenye kamera kwamba mtu tunaye, na nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu kwa heshima. Sikutaka kuonekana mjinga. Basi. Ni hilo tu. Mtu anakaa gerezani kwa sababu mzee mmoja hakutaka kuonekana mjinga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mtaa umetulia, wengi wako kwenye maonyesho. Paskazia amerudi kutoka sokoni Mkuyuni na sangara. Anasema amemnunua kwa yule mama wa Kijaluo, Agutu, mwenye genge la samaki kona ya juu. Amesalimia, baba yako hajambo?

Agutu ni mke wa Jairo.

Ananijua vizuri. Kila kesi ilipotajwa alikaa benchi la mbele, na nikipita alisimama: "Shikamoo mheshimiwa." Nami nilijibu marahaba. Hakuwahi kuniuliza lolote. Miezi yote ile nilipokea shikamoo ya mwanamke yule kana kwamba ni haki yangu.

Samaki sikumla. Paskazia akadhani ni chumvi.

Nikamweleza. Yote. Alisikiliza huku anaosha vyombo, na nilipomaliza alikuwa anaosha sahani ileile. Kisha akasema, "Baba, mimi nimekuwa nikinunua samaki kwa yule mama. Nachagua, namwambia punguza." Akaingia ndani.

Jumapili, 10 Agosti

Padre amekuja na komunyo. Niliungama. Akaniuliza, mtu huyo yu hai? Nikasema ndiyo, yuko mahabusu. Akasema, basi mzee wangu, hili haliishii kwangu.

Alipoondoka nikachukua simu. Nikatafuta swali la Hellen, nikaligusa, nikajibu palepale chini yake, mbele ya kundi lote:

"Sawa. Iondoeni. Mashimba."

Maneno yamekaa vizuri. Nimejisikia mwepesi, kama kijana aliyefaulu mtihani.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamesoma wote.

Hadi saa nne kimya. Kisha Selina akaandika: "Wapendwa, tumkumbuke Mzee wetu Mashimba kwenye sala. Hali yake si nzuri." Chini yake mikono ya maombi, msururu. Amina. Pona haraka Mkuu. Bwana akuinue. Mmoja akauliza kama tuchange kidogo kwa ajili ya matunda.

Hakuna aliyegusa neno la kesi. Wamelichukua agizo langu na kulifanya homa.

Nilicheka mpaka Paskazia akakimbilia dawa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Wamefuzu.

Jumanne, 12 Agosti

Hellen amekuja. Peke yake, bila gari la ofisi. Sasa ndiye kiongozi wa timu, kiti kilichokuwa changu. Siku zote ananiita Mkuu. Leo alisema, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea matunda ya mchango?"

"Kundi zima limekuombea mpaka nimeona aibu," akasema, akacheka kidogo. Kisha hakucheka tena.

Aliniuliza kwa nini kundini, kwa nini nisimpigie. Nikasema, uliniuliza kundini.

"Baba, nilikuuliza mwaka juzi. Tangu siku ile mimi ndiye ninayesimama. Upelelezi haujakamilika—sauti hiyo ni yangu, si yako. Nikiomba kuiondoa sasa, makao makuu watauliza swali moja tu: ulijua lini?"

Nikamwambia angeniuliza tena. Nilipolisema tu, nikatamani kulimeza.

Akanitazama. "Nani aliwahi kukuuliza mara mbili?" Na baadaye, taratibu, kama anajisemea: "Ungeandika hapana, ningeipeleka juu, ningelalamika, ningeomba uhamisho. Kimya nitakikatia rufaa wapi?"

Tulikaa tunatazama ziwa chini kule, boti za dagaa zinarudi.

Nikamwambia nataka kuapa maelezo, nimpe wakili wa Jairo. Akasema, nikiapa nitalazimika kumtaja. Ana mtoto kidato cha pili. Ana nyumba haijaezekwa. Hakuyasema kama maombi. Aliyasema kama mtu anayekagua vitu vyake kabla ya kuhama. Kesi inatajwa Ijumaa. Akaomba nimwachie Ijumaa asimame mwenyewe na kusema. "Nikisema mwenyewe, nimesema. Ukisema wewe kwanza, nimefichuliwa."

Ni kweli. Ndivyo sheria ilivyo na ndivyo watu walivyo.

Nikampa Ijumaa. Akapiga goti kuaga, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Jumatano, 13 Agosti

Paskazia amekasirika. Umempa Ijumaa? Ijumaa ni ya nani, baba? Wewe unajua kama unayo?

Nikasema Hellen ni mwaminifu.

"Alikuwa mwaminifu kwako," akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Mchana nilizimia kidogo nikielekea chooni. Paskazia anataka nilazwe. Nimekataa hadi Jumamosi. Pumzi fupi. Naandika kwa vipande.

Alhamisi, 14 Agosti

Kumepambazuka vizuri. Paskazia alinivika shati jeupe, akanipaka mafuta miguuni, nikamuuliza kuna nini. Akasema kuna wageni. Amewaita yeye.

Wakaingia: Elias, mtu wa makamo, wakili wa Jairo, na nyuma yake Agutu. Agutu akavua viatu mlangoni. Akasimama mbele yangu.

"Shikamoo mzee."

Nikashindwa kuitikia. Kwa mara ya kwanza maishani mtu ameniamkia na nimeshindwa. Nikamwambia, mama, usiniamkie kwanza. Keti, usikie.

"Nimekuja kusikia," akasema. "Sikuja kukulaumu. Kulaumu nilimaliza mwaka wa kwanza." Chai hakutaka. Maji hakutaka. Mikono yake ina magamba madogo ya samaki, kaja moja kwa moja kutoka gengeni.

Nikaanza. Nilisema habari ya kamera. Nilisema Ngosha alikwenda Rorya, akarudi na ukweli. Nilisema niliusoma na sikujibu. Elias aliandika haraka, bila kuinua uso. Agutu alikuwa ananitazama mdomo.

Akanikatiza mara moja tu. "Mwaka juzi, Machi?"

"Machi."

"Aprili mama yake Jairo alikufa," akasema. "Waliomba atolewe akazike, wakakataliwa." Kisha akanipa ishara kwa kidevu: endelea.

Elias akauliza ujumbe huo uliandikwa na nani.

Nikasema, mmoja wa timu.

"Mzee wangu," akasema, kwa adabu kabisa, "wewe ndiye uliyetufundisha pale chuoni, semina ya ushahidi. Maelezo yasiyo na jina ni hadithi. Ulisema hivyo." Akaweka kalamu mezani, akasubiri. Kesho saa tatu anataka kuwa nayo mkononi mahakamani, yamesainiwa, yameapiwa. Bila jina hakuna kitu.

Nikasema, kuna mtu nimemwahidi mpaka kesho.

Hapo Agutu akaongea na Paskazia, si na mimi. Akamuuliza, huyo mtu analala wapi leo? Paskazia akasema, nyumbani kwake, nadhani. Agutu akatikisa kichwa taratibu.

Nimeomba ruhusa kidogo. Nimesema ni dawa. Nimekuja chumbani, nimekaa kitandani, naandika hapa, mkono umekuwa mzito. Kupitia ukuta namsikia Elias anamuuliza Paskazia kama huku juu maji ya bomba yanafika. Agutu simsikii.

Simu inaita. Ni Hellen. Imekatika. Inaita tena.

Labda ameamua leo, hakusubiri kesho. Labda ameshaandika makao makuu na anataka niwe wa kwanza kujua. Labda amesikia nani yuko sebuleni kwangu. Nikipokea na akaniomba siku moja tu, nitampa. Najijua. Nikipokea na akaniambia amekwisha kusema, nitafurahi, na nitatoka nje nimwache yeye abebe lawama, mimi nikiwa shahidi mwema wa pembeni. Kwa hilo nalo najijua.

Inaita kwa mara ya tatu. Paskazia amegonga. "Baba, wanasubiri."

Nimemwambia aingie anishike mkono. Nimempa simu, nimemwambia apokee yeye, amwambie Hellen kwamba baba yuko sebuleni anataja majina, ameanza na lake mwenyewe, na la pili ni la Hellen.