Mzee Gitaa Alipotuma Sauti

Jumapili jioni, Tuwan, Kitale

Miaka miwili nimebadilishana nyimbo za rock, mpya na za zamani, na mtu wa kundi letu mtandaoni anayejiita Mzee Gitaa; mimi huko ni Nyuki Mweusi. Yeye huandika tu. Leo, mara ya kwanza, ametuma sauti: "Wapendwa, sikirizeni gitaa ya huyu kijana!"

Sauti hiyo naijua, na hiyo "sikirizeni" pia. Ni Baba! Baba yangu aliye kijijini Sirisia, mzee wa kanisa, aliyechoma kanda zangu nikiwa kidato cha pili, ati ni muziki wa shetani.

Nikampigia papo hapo. "Baba, Mzee Gitaa ni wewe?"

"Kumbe wewe ndiye Nyuki Mweusi?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulipoolewa huko Kitale, mama, nyumba ilinyamaza sana. Nikaanza kutafuta zile kelele zako."

Nilitaka kumuuliza kuhusu kanda. Nikashindwa.

Yeye mwenyewe akasema, polepole, "Zile kanda... nilikosea, bana." Sijawahi kumsikia Baba akikubali kosa. Halafu akaniuliza wimbo niliotuma kundini jana niliutoa wapi.