Mama na Vigari Vyake vya Bati

Buhongwa,
Mwanza.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Malimi,

Shikamoo. Habari za huko Mtwara? Wifi na mtoto wanaendeleaje na joto? Sisi mwilini tu wazima, Mungu ashukuriwe. Ya moyoni ndiyo nakuletea. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu naongelea uani, na siku hizi uani kwetu kuna masikio.

Mama bado anaunda vile vigari vya bati, mfano wa magari ya mashindano ya zamani, kama alivyofundishwa na marehemu baba: boneti ndefu, spoki za waya, dereva mdogo wa mbao ndani. Mzee wa Arusha anayevikusanya amemwagiza kingine. Ungekiona ungecheka kwa raha, maana mikanda ya boneti kaikata kwenye kiatu chako cha zamani cha shule!

Ila macho yake, kaka. Moshi wa kulehemu na tina ya kuyeyushia rangi vimeyafanya mekundu kabisa. Nawe unajua kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa nani. Mchawi.

Mwezi uliopita mama yake Shigela, jirani yetu, alikuja kuomba chumvi. Akakuta mezani kigari chekundu kimetolewa gurudumu la mbele, rangi inakauka. Wiki hiyohiyo Shigela akapinduka na gari barabara ya Shinyanga. Tairi la mbele lilichomoka, na kijana wa watu akafa. Basi, majirani wakaunganisha kigari na ajali.

Bombani hakuna anayenisalimia tena. Juzi tumekuta ukutani maandishi ya mkaa: BIBI HAMA AU TUKUHAMISHE. Naogopa, kaka. Pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje, nadhani ndio wamemfuata mama, nazima taa.

Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa. Akasema, "Mwambieni bibi aache kwanza hayo makopo, watu watapoa." Nikamfikishia mama. Hakuinua hata kichwa. "Nikiacha leo, si nitakuwa nimekiri?" Unamjua, ukimwambia kaa ndiyo anasimama.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni cha jana. Mama alimuundia Winnie wangu kigari, ndani kaketi dereva msichana mwenye nywele za mabutu kama zake. Mtoto akakipokea anaruka. Nikampokonya. Sikufikiri, mkono ulienda wenyewe, nikakitupa nje. Nilipogeuka, mama alikuwa ananitazama.

"Hata wewe, Dorcas?"



Njoo umchukue mama, kaka. Usingoje likizo, wala usipige simu kwanza. Nilikuwa nawaogopa majirani. Sasa najiogopa mwenyewe.

Nisalimie wifi Precious na mwanao Revocatus. Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Mungu awafunike kwa mkono wake, nawe akufupishie njia.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,

Dorcas