Namba Inapanda Kule Goma

Siku ya Mungu, 26 janvier 2025

Misa ya leo sikuisikia muzuri. Bantu bote ku kanisa banaongea paka Goma, Goma tu: waasi bamefika karibu. Hata bale ba kwaya, kati ya wimbo na wimbo, macho ku telefone.

Yaya yangu Germaine, dada yangu mukubwa, alikuya huku Lubumbashi mbele ya Noël kuona mujukuu. Sasa njia ya kurudia hakuna. Binti yake Jemima alibakia kule. Anatumika ku télévision moja ndogo ya Goma, Télé Asubui. Yeye njo anaandika ku ordinateur majina ya ma-émission na saa zake, yale bantu banaona chini ya écran. Telefone yake tangu jana: hapana. Inalia kidogo, kiisha inakufa.

Nilimwambia yaya: usiogope, uko na ndugu, na ule ndugu ni Alphonse Kataliko! Miye nilikamata ma-chaîne ya Brésil na mufuniko ya sufuria, mwaka 98. Ba-ingénieur batatu ba Kinshasa bakatoa kofia. (Bibi yangu Josée anasema balikuwa babili na habakukuwa na kofia. Josée anapenda kupunguza vitu.)

Siku ya kwanza, 27 janvier

Goma imeanguka mu mikono ya waasi. Redio inasema hivi, ingine inasema vile, lakini imeanguka.

Télé Asubui ilikuwa na kwaya ku écran. Mara — nyeusi! Sauti pia hakuna. Yaya akakaa chini pa simenti, hakulia, akakamata paka miguu ya kiti. Josée akanigeukia: Ingénieur, fanya kitu.

Nikafanya! Nilitosha câble ya parabole, ile sahani ku paa, ku décodeur, nikaichomeka ku ordinateur na ile clé kidogo ya kusoma signal niliuzishiwa na Martine, ule mama wa Kamalondo mwenye kutengeneza ma-décodeur. Anasemaka ku bantu eti yeye njo alinifundisha. Alinifundisha mwanzo. Ingine nilijifundisha.

Niandike vile inatumika, juu hata ku université sijue kama banaielewa. Picha ni sehemu moja tu. Mu signal mule muko vitu vingine havionekane. Vyote vinatembea mu paketi kidogo-kidogo, na kila paketi iko na namba ku uso kama plaque ya motokari. Namba 17 inabeba majina ya ma-chaîne. Namba 18 inabeba programme: nini iko sasa, nini inafuata. Namba 20 inabeba saa. Logiciel inasimama ku barabara kama polisi ya roulage, inasoma ma-plaque, inasimamisha ile unataka. Tofauti ni moja: haiombi feza.

Nikasimamisha 18. Imejaa! Sasa: Kwaya na sala. Inafuata: Habari za mutaa. Na pembeni yake iko namba ya toleo, ile inabadilika kama maandiko yamebadilika. Ilikuwa 6. Nikakunywa chai. 7!

Nilipiga kelele mpaka kuku bakatoka mu parcelle. Picha imekufa lakini muntu anaandika! Na mule, muntu wa kuandika ni moja tu! Kila namba ni kidole ya Jemima!

Yaya alisimama, akanibeba — miye, kilo zangu zote — akanizungusha.

Siku ya pili, 28 janvier

Nimekuwa muntu mukubwa ku avenue. Viti vimetoka mu nyumba zote. Bantu banapita ku portail: Ingénieur, imepanda? Nasema: 14! Makofi. Kila saa mbili ao tatu, makofi.

Yaya amekula. Bukari na samaki, na akaomba kuongezewa. Josée aliniangalia na macho ya zamani, ya wakati sikukuwa na tumbo.

Papa Aristote naye alikuya, jirani yetu wa ukuta, retraité wa reli, kazi alishaacha, muntu wa kaskazini ya Katanga. Haongeaka mingi. Mutoto wake Jérémie ni soda, askari wa serikali, kule ku vita, ku Sake karibu na Goma. Akakaa na kofia ku magoti. Akauliza pole-pole: Ingénieur, hii mashini inaweza kumuona mutoto wangu pia?

Mashini inasoma ma-chaîne, haisome basoda. Lakini bantu balikuwa bananiangalia. Nikasema: Papa, nipe nafasi kidogo, nitaisukuma mpaka kule.

Sasa nitaisukuma namna gani? Tutaona. Mufuniko ya sufuria pia habakuamini.

Siku ya tatu, 29 janvier

Nilienda Kamalondo ku kiosque ya Martine. Nilitaka tu aone vile jina yangu imefika mbali. Alikuwa na fer à souder, ile chuma ya kuchomelea, mu mukono; sigara zilimuishia, hasira ndiyo. Nikamuelezea mambo ya namba na kidole ya Jemima.

Akacheka. Kiisha akaacha kucheka, njo iliniogopesha.

— Tonton Alphonse, ile namba inapanda yenyewe.

— Yenyewe namna gani? Iko na roho?

— Émission inaisha, ingine inaingia. Maandiko yamebadilika, namba imepanda. Programme banaiingizaka ya juma nzima mara moja. Jemima wako aliandika siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, akaenda kwao. Solaire ikiwa iko, mashini itaimba paka vile, hata nyumba iko tupu.

Nikamwambia anasema vile juu ya wivu. Akageuza ordinateur yake, akanionyesha: programme yote iko mule tayari, siku kwa siku, mpaka siku ya Mungu mangaribi. Kiisha yake, nyeupe.

— Na kiisha yake?

— Kiisha yake tutajua kama kuko muntu. Umwambie yaya yako leo, Tonton. Leo! Usingoje.

Nilitembea na miguu mpaka nyumbani. Njiani nilipanga maneno muzuri, ya polepole. Nikafika ku portail. Yaya alikuwa ananingoja na kitambaa kipya ku kichwa. Akauliza: imepanda?

Nikasema: imepanda.

Siku ya ine, 30 janvier

31, kiisha — 0!

Mama moja akapiga nduru: amekufa! Yaya akashika kifua. Nikaruka juu ya kiti: hapana! Ni kama compteur ya camion! Ikifika mwisho inarudia mwanzo! Camion haikufi! Miye niliendesha camion moja kutoka Butembo, compteur ilizunguka mara tatu na nilikuwa ningali mu vitesse ya kwanza!

Bakacheka. Yaya akacheka na machozi. Hii ya namba kurudia mwanzo ni kweli, Martine mwenyewe alinielezea wakati alinifundisha. Nimefurahi leo kusema kitu kimoja cha kweli.

Siku ya posho, 1 février

Soko ya Kampemba. Nilienda kutafuta câble. Muuzaji mwenye ananiuzishaka tangu miaka akaniuliza kwa sauti, mbele ya bantu, juu anajua nilitoka Kivu, upande wa Goma: Papa Kivu, ndugu zako baliuzisha muji kwa kiasi gani? Bamoja bakacheka. Bengine habakucheka, njo mubaya zaidi. Nikamujibu: tuliuzisha na weye ndani, lakini balikurudisha, haukuwa na uzito! Kicheko kikageuka upande wangu. Câble nililipa na nikatoka mbio-mbio.

Papa Aristote, mwenye mutoto wake anapigana juu ya ule muji, hakukuwa kule. Bahati.

Siku ya Mungu, 2 février

Sasa: Baraka za mangaribi. Inafuata: —

Hapana kitu.

Siku ya kwanza, 3 février

Nyeupe. 17 iko, 20 iko, saa inatembea. 18 inakuya, lakini tupu, kama sahani imeoshwa.

Viti vilikuwa vimejaa tangu asubui. Yaya mbele, bengine mbali, maandiko kidogo-kidogo habayaone. Miwani yake ilibakia Goma, ku écran anaona paka mwangaza. Akasema: soma, Alphonse.

Nikafungua kinywa niseme ukweli. Naapa. Na kinywa ikasema: Sasa, Mapishi na Mama Shalom! Inafuata, Shule ya watoto!

Na bantu bakapenda! Bakauliza Mama Shalom anapika nini. Nikasema: sombe na njugu, bila mafuta, juu ya vita. Ikanoga! Nikaongeza mashindano ya kwaya, nikaongeza daktari wa meno. Sikuwahi kuongea vile muzuri mu maisha yangu. Yaya anaitikia na kichwa: ni Jemima kabisa, alipendaka mambo ya meno.

Kiisha Papa Aristote, kule nyuma: na ya basoda, hakuna?

Nikasema: iko! Salamu za basoda! Saa kumi!

Mbele kidogo ya saa kumi Papa Aristote alirudia. Amenyoa ndevu. Amevaa veste ya reli, vifungo vyote. Akaweka kiti karibu na écran nyeusi ya télévision, mikono ku magoti, akaangalia ile weusi kama muntu anangoja treni.

Nilimwambia signal imekuwa dhaifu, salamu zimesukumwa mpaka kesho. Akasema merci. Merci, Ingénieur, nitarudi kesho.

Ku meza Josée aliniwekea sahani tupu. Yeye anaona ku écran muzuri sana.

Siku ya pili, 4 février

Inajaa! 18 inajaa! Na hii sikuitunga!

Niko naandika paka sasa hivi, mbele yao, mu hii cahier yangu. Niliwaambia: ngojeni, ingénieur anaandika namba kwanza. Basi bananiheshimu. Niandike haraka.

Ya kwanza ilikuwa 17. Jina ya chaîne imebadilika. Télé Asubui hakuna tena. Imeandikwa Sauti Mpya ya Muji. Nikasema ni kosa ya clé. Nikatosha, nikachomeka. Sauti Mpya ya Muji.

Kiisha 18. Sasa: Matangazo ya bakubwa bapya. Inafuata: Kazi ya kusafisha muji. Kiisha yake: Mpira ya urafiki, saa tisa.

Na hii njo kubwa: Mpira ya saa tisa ikatoka. Ikarudi, saa kumi. Ikatoka tena! Ikabakia nafasi tupu. Ikarudi saa tisa na nusu. Mashini haisitesite! Martine mwenyewe aniambie kama mashini inasitaka! Kuko muntu. Kuko muntu amekaa mule sasa hivi, anatafuta nafasi ya mpira, mukono yake iko ku clavier!

Na mule, mwenye kujua ile kazi ni moja tu. Ao balileta mwingine. Ao ni yeye na kuko bunduki nyuma yake. Ao ni yeye na hakuna bunduki. Nikisema Jemima iko muzima, nasema pia anaandikia nani: bale balikamata muji.

Papa Aristote iko mbele. Veste, vifungo vyote. Amesogeza kiti. Bantu ba avenue bako kumi na zaidi, na ule muuzaji wa câble iko pa portail, sijue nani alimwita.

Josée amekuya nyuma yangu, amesoma écran. Ameweka mukono ku bega yangu. Inanikaza.

Yaya anasema: Alphonse, tangu asubui unaandika paka kuandika. Soma basi. Imepanda?

Papa Aristote naye: soma, Ingénieur. Hata kama ni mubaya.

Banangoja. Miye, Kataliko, mwenye hakosaka maneno! Najaribu Mama Shalom, kinywa haitake. Mpira imesogea tena, iko saa kumi na moja. Yaya amesimama, anakuya karibu na écran ya ordinateur, anainama, uso wake karibu inagusa kioo, anaomba muntu yeyote mwenye macho amusomee, na Papa Aristote anatosha miwani yake mu mufuko ya veste, anaipanguza, anamunyooshea yaya, asome mwenyewe.