Mrithi wa Mwenyekiti Hajui Mpira

Nyumba ya Ukoo,
Abrewaso.
9 Juni 1998

Mpendwa Mjomba Ntim,

Shikamoo. U hali gani huko Abidjan? Na lile goti, bado linakusumbua mvua ikinyesha? Huku sisi wazima. Mihogo imekubali mwaka huu, na Bibi Dufie bado anatafuna mifupa kwa meno yake mwenyewe. Kinachoumwa ni nyumba, Mjomba.

Nianze na zuri. Timu yetu imemaliza msimu mzima bila kufungwa nyumbani. Mume wangu Asiamah, kwa ukocha wake, amekuwa mtu mkubwa hadi wauza samaki wanampisha njia. Ungedhani mwenyekiti wa timu, kaka yangu Brefo, angeshukuru akatulia. Wapi!

Kumbe Brefo ana lake moyoni. Anataka mwanangu Oteng acheze mshambuliaji, ili mji uanze kumzoea atakayerithi kiti chake, maana kwetu mtu harithiwi na mwanawe, hurithiwa na mtoto wa dada yake. Mimi ndiye niliyemzaa, namjua. Oteng ana adabu, hesabu anaziweza, lakini mpira ukimjia anaupisha kama anavyompisha mkwe.

Asiamah akakataa. Waligombana uani, mbele ya sufuria zangu.

"Oteng ni mrithi wangu!" Brefo akafoka. "Ni wa ukoo wangu! Wewe ni baba yake tu!"

"Sawa, shemeji, mrithishe mashamba ya kakao," Asiamah akamjibu. "Mrithishe na makochi ya sebuleni. Jezi namba tisa hairithiwi!"

Kesho yake Asiamah akafukuzwa kazi. Hilo ningelimeza. Lakini Brefo akaongeza kwamba chakula kisitoke tena nyumba ya ukoo kwenda kwa mtu yule. Miaka ishirini na minne napika hapa, na kila siku napeleka kwa mume wangu, nyumba ya ukoo wake ng'ambo ya uwanja. Nawe wajua, kwetu mke akiacha kupeleka chakula, watu hawaulizi tena, ndoa imekwisha. Siku nne sikupeleka. Usidhani ulikuwa utii, ulikuwa woga, na naona haya kukuandikia.

Jumapili kukawa na mechi ya kombe. Oteng kavaa namba tisa. Asiamah kakaa na watazamaji upande wa pili, ameshika tama, kakonda kweli. Roho ikaniuma. Nikatwanga mihogo ya fufu, nikapakua na supu ya mbuzi, nikajitwika bakuli. Kuuzunguka uwanja ni mbali, na fufu ikipoa haina maana. Nikakata katikati.

Refa alishangaa hadi akasahau kupuliza kipenga. Na wakati huohuo Oteng, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa na mpira mguuni, amebaki yeye na kipa. Akaniona. Akauacha mpira palepale, akaja mbio kunitua.

"Mama, lete, zito hilo."

Wapinzani wakauchukua mpira, wakaenda kufunga. Tukatolewa, moja bila.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Brefo akasimama kitini, jasho linamtoka. "Huyo ni mtoto wa Asiamah! Ukoo wetu hauna mtu wa namna hiyo!"

Na Asiamah kutoka ng'ambo, "Mpwa wako huyo! Mimi ni baba yake tu!"

Oteng alibeba bakuli hadi kwa baba yake, nami nyuma, nikilia mbele za watu bila kujificha. Asiamah akanawa, akala, akamaliza hadi supu.

Tangu siku hiyo napeleka. Brefo hanizuii, ila nikipita na bakuli anageuza uso ukutani, na hajalifuta neno lake. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, wewe tu unaweza kulifuta. Habari za mpira usiziguse, hao watapatana wakifungwa mara mbili tatu zaidi. Mwandikie tu kwamba chakula changu kina ruhusa ya kutoka mlangoni. Na kama huwezi, Mjomba, niambie bila kunificha, nihamishie sufuria kwa Asiamah.

Nisalimie mkazamjomba Yaa Konadu, na Agyeman na Pokuaa. Oteng anakuamkia. Mungu akuweke, na mezani pako pasikose mtu wa kula naye.

Ni mimi mpwa wako, nisiyechoka kukupenda,
Serwaa